Siku Nane za Kufuata Kidole cha Shaba

Siku ya kwanza: Cambridge, Massachusetts

Binti aliyetuongoza alitembea kinyumenyume. Saa nzima, uso kwetu na mgongo kule tunakokwenda, akipita katikati ya miti, baiskeli na watalii wengine bila kugeuza shingo. Mpwa wangu alisubiri kwa hamu aanguke. Hakuanguka. Baadaye tulikuja kuona kwamba wanafunzi wanaowatembeza wageni kwenye vyuo vya huku karibu wote hutembea hivyo, na nikaona inafaa, maana hata historia wanayoisimulia hutembea kinyumenyume: kwanza kinaonekana kitu kinachong'aa, halafu kinatafutiwa sababu.

Nieleze tulifikaje hapa. Dada yangu ana binti anayemaliza sekondari, na binti huyo ameingiwa na wazo la kusoma Marekani. "Nenda naye ukaangalie hayo mazingira," dada aliniambia, kana kwamba mimi ni mkaguzi wa majengo. Nilikubali kwa sababu zangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya visa vya mahali fulani vyuoni: mawe, malango na sanamu ambazo wanafunzi huzigusa, huziruka au huzikwepa. Nilivisoma vyote vitabuni. Sasa nilitaka kuona vilivyochakaa.

Tukaanza na Harvard, chuo kikongwe kuliko vyote nchini humu, kilichoanzishwa 1636. Kwenye uwanja wake wa zamani, mbele ya jengo la University Hall, ameketi mtu wa shaba na kitabu wazi pajani. Mwili mzima umefifia ukawa mweusi, isipokuwa ncha ya kiatu cha kushoto. Hiyo inameta kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Foleni ya watu wanaotaka kuigusa na kupigwa picha ilikuwa ndefu kuliko ya kuingia makumbusho.

Chini ya miguu yake pameandikwa jina John Harvard, kwamba ni mwanzilishi, na mwaka 1638. Vitu vitatu, na vyote si kweli. Uso si wake, kwa kuwa hakuna picha yake iliyosalia. Mchongaji Daniel Chester French, yuleyule aliyekuja kuchonga Lincoln anayekaa kwenye kiti kikubwa kule Washington, alimkalisha mwanafunzi mmoja na kuitengeneza sanamu hii mwaka 1884. Hakuwa mwanzilishi: baraza la koloni la Massachusetts ndilo lililopiga kura kutenga pauni 400 za kuanzisha chuo. Na mwaka ni 1636. Ule 1638 ni mwaka aliofariki, kijana wa miaka 30, akakiachia chuo nusu ya mali yake na vitabu kama 400.

"Na wanafunzi wenyewe hawagusi hicho kiatu," mwongozaji akasema, akipunguza sauti. "Usiku wengine hukikojolea."

Mpwa wangu alikuwa ameshagusa. Akanigeukia, kiganja hewani. "Mjomba, kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa najua. Nilitaka kuona kama wangemwambia wao.

Maktaba ya Widener iko hatua chache kutoka hapo. Harry Elkins Widener alikufa kwenye meli ya Titanic mwaka 1912. Mama yake akajenga maktaba kwa jina la mwanawe, ikafunguliwa 1915. Hayo ni kweli. Kisha huja nyongeza: ati mama aliweka sharti kwamba kila mwanafunzi afaulu mtihani wa kuogelea, ili mwingine asife maji kama mwanawe. Sharti hilo halikuwepo. Lakini nimelisikia kwa watu waliosoma hapa, watu wazima wenye mvi, wakiapa.

Kisa cha moto ni kizuri zaidi. Januari 1764 jengo la Harvard Hall liliungua pamoja na maktaba ya chuo. Wabunge wa koloni walikuwa wakikutania humo kwa kuwa Boston kulikuwa na ndui, na moto ulizuka usiku. Katika vitabu vya John Harvard kinajulikana kimoja tu kilichopona, kwa sababu mwanafunzi alikuwa amekiazima. Waongozaji huendeleza: kijana alikirudisha, mkuu wa chuo akamshukuru sana, kisha akamfukuza kwa kukaa na kitabu kupita muda. Mwisho huo umetungwa. Nilimtazama mpwa wangu akicheka na nikaelewa kwa nini hakuna anayeutoa.

Kabla ya kuondoka nilimpeleka kwenye nyumba ya manjano iliyo ukingoni mwa uwanja, Wadsworth House, ya mwaka 1726. Marais wa chuo walikaa humo. George Washington naye alipitisha siku chache hapo mwaka 1775. Ukutani kuna kibao cha jiwe kilichowekwa 2016 chenye majina manne: Titus, Venus, Bilhah, Juba. Ni watu waliofanywa watumwa katika nyumba za marais wawili wa chuo. Hakukuwa na foleni. Nilikaa pale dakika kumi, na aliyesimama kusoma alikuwa mzee mmoja aliyekuwa akitafuta choo.

Siku ya pili: daraja

Kuna daraja juu ya Mto Charles linaloitwa Harvard Bridge, ingawa upande wa Cambridge halitui Harvard bali kwenye mlango wa MIT, chuo maarufu cha teknolojia. Tulilivuka kwa miguu asubuhi, upepo ukitupiga usoni, majani ya miti ng'ambo yakiwa yamegeuka rangi ya kutu. Pembeni mwa njia ya waenda kwa miguu kuna mistari ya rangi, na kila baada ya mistari kadhaa namba: 10, 20, 30. Si mita, si futi. Ni Smoot.

Oktoba 1958 vijana wa Lambda Chi Alpha, chama cha wanafunzi wa kiume, waliamua kulipima daraja kwa kumtumia mmoja wa wageni waliokuwa wakijiunga mwaka huo. Akachaguliwa Oliver Smoot, mfupi kuliko wenzake, futi 5 na inchi 7, yaani karibu mita 1.70. Alilala chini, wakachora alama kichwani, akainuka, akalala tena mbele ya alama. Akachoka. Ikabidi wambebe na kumlaza kama ubao. Jibu likaandikwa: daraja lina urefu wa Smoot 364.4, jumlisha au toa sikio moja.

Hilo sikio ndilo linalonifurahisha kupita yote. Ni utani, lakini pia ni uungwana wa mtu anayejua kupima: anakuambia alipokosea ni padogo kiasi gani.

Kingekuwa kisa cha usiku mmoja. Ila chama kile kiliendelea kuzipaka alama rangi upya kila mwaka, wageni wapya wakipewa brashi, na daraja lilipojengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1980 alama zilibaki. Polisi walikuwa wamezoea kuzitumia kueleza ajali imetokea wapi. Na Smoot mwenyewe? Alikuja kuwa mwenyekiti wa taasisi ya viwango ya Marekani, kisha rais wa Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO. Ningeitunga hadithi hii, mhariri angeirudisha.

Katikati ya daraja pameandikwa kwamba umefika nusu ya njia ya kwenda Jehanamu. Mpwa wangu alipiga picha akamtumia mama yake bila maelezo.

"Mjomba, lala nikupime."

"Hapa? Na mgongo wangu huu?"

"Smoot alilala zaidi ya mara mia tatu."

"Smoot alikuwa na miaka kumi na minane."

Tukasonga mbele. Ndani ya MIT tulilitazama kuba kubwa ambalo wanafunzi wamelifanya jukwaa la mizaha kwa miongo mingi. Mei 1994 watu waliamka wakakuta gari la polisi limeegeshwa juu yake, taa zinawaka. Lilikuwa maganda ya gari halisi yaliyofungwa kwenye fremu ya mbao, ndani amekaa polisi wa bandia na boksi la donati, na badala ya namba ubavuni lilikuwa na pai ya hisabati. Mizaha hii ina adabu zake: usiharibu kitu, usimuumize mtu, usiseme ni wewe. Chuo nacho kimekubali mchezo. Kimehifadhi vitu kadhaa vya mizaha hiyo na kuvionyesha. Hapo nilihisi kaubaridi. Mzaha ukishawekwa kwenye maonyesho, aliyefanyiwa ameshinda.

Siku ya tatu: Providence

Treni kutoka Boston haikuchukua hata saa moja. Chuo cha Brown kiko kilimani, na lango lake kuu, Van Wickle, lina milango ya katikati inayofunguliwa mara mbili kwa mwaka: Septemba kuelekea ndani, wanafunzi wapya wanapokaribishwa, na Mei kuelekea nje, wahitimu wanaposhuka kilima kwa maandamano. Atakayepita kati ya hapo, husemwa, hatapata shahada. Tulilikuta limefungwa, na watu wakipita milango midogo ya pembeni kama mlango mkubwa ni ukuta. Lilijengwa 1901 kwa wosia wa tajiri wa makaa ya mawe, Augustus Van Wickle, aliyesoma hapa. Likumbuke hilo jina.

Ndani ya lango, pembeni ya jengo la kale kuliko yote, University Hall la mwaka 1770, kuna kitu ambacho ukikiona kwa mbali utadhani ni mgongo wa kobe mkubwa uliojifukia ardhini. Ni chuma cheusi, nusu duara, na juu yake unapanda mnyororo mnene. Mnyororo umekatika hewani. Mahali ulipokatikia pamesuguliwa hadi pakawa kioo, na ukiinama kutazama unaliona anga. Kazi ya Martin Puryear, ikazinduliwa 2014.

Historia ya kumbukumbu hiyo inaanzia kwa Ruth Simmons, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza chuo chochote cha kundi la vyuo nane mashuhuri linaloitwa Ivy League, aliyeshika urais wa Brown mwaka 2001. Mwaka 2003 aliunda kamati ichunguze chuo kilinufaika vipi na biashara ya watumwa, na ripoti ikatoka 2006. Baadhi ya waliojenga lile jengo la 1770 walikuwa watumwa. Vyuo vingine vilivyofuata kujichunguza vilipita njia iliyokuwa imeshakatwa hapa.

Niliona kwamba pale palipokatika panang'aa kama kile kiatu cha Harvard. Tofauti ni kwamba hapa mng'ao umetengenezwa na mchongaji tangu siku ya kwanza. Hakungoja mikono ya watu.

Siku ya nne: New Haven

Mvua kuanzia asubuhi. Yale ni ya mwaka 1701, lakini majengo yake mengi yanayoonekana ya kale ni ya miaka ya 1920 na 1930. Maktaba ya Sterling imejengwa kama kanisa kuu la Ulaya, hata meza ya kuazimia vitabu imekaa pale ambapo ungetegemea altare. Mwongozaji wetu wa leo, kijana mrefu aliyetembea kinyumenyume na mwavuli wazi, alisema mawe ya baadhi ya majengo yalimwagiwa asidi ili yazeeke haraka. Kama ni kweli au la, mtu akiliangalia jengo analiamini.

Kidole cha leo ni cha Theodore Dwight Woolsey, rais wa chuo kutoka 1846 hadi 1871. Ameketi kwa shaba, na kiatu chake cha kushoto kimeng'aa kama cha ndugu yake wa Harvard. Sababu inayotolewa ni kwamba alikuwa akiusukuma kwa mguu mtumbwi wa timu ya makasia kabla ya mashindano, na timu ikashinda. Mpwa wangu aliuliza kwa Kiingereza safi kama na huyu hukojolewa. Kijana akacheka, hakujibu. Mpwa wangu hakugusa, safari hii.

Tukaingia Beinecke, maktaba ya vitabu adimu ya mwaka 1963. Kwa nje ni sanduku jeupe lisilo na dirisha. Kwa ndani kuta ni mabamba ya marumaru yenye unene wa sentimita tatu hivi, na mwanga wa nje unapita humo ukitoka rangi ya asali, hata siku ya mvua. Katikati unasimama mnara wa vioo uliojaa vitabu, ghorofa juu ya ghorofa. Kila mwanafunzi atakuambia kwamba moto ukitokea, mitambo itanyonya hewa yote, vitabu vitapona na wakutubi watakufa. Si hivyo. Kuna mfumo wa gesi wa kuzima moto, na wakutubi wanatoka kwa mlango kama watu wengine. Ila nimeanza kuona kwamba visa hivi vina mifupa ileile: tajiri anayeomboleza, sharti la ajabu, kitabu chenye thamani kuliko mtu. Chuoni kizazi ni miaka minne. Jambo likifanywa na madarasa manne mfululizo, hakuna aliyebaki pale anayekumbuka siku halikuwepo, na tayari ni la mababu.

Mbele ya Sterling kuna meza ya jiwe inayotoa maji katikati. Maji yanatandaa juu ya jiwe, membamba kiasi kwamba unadhani ni kioo mpaka uweke kidole. Chini ya maji zimechongwa namba zilizojizungusha kama kamba: idadi ya wanawake waliosoma Yale, mwaka kwa mwaka. Zinaanza na sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, mzunguko mzima wa kamba ni sifuri tu. Maya Lin, aliyesoma hapahapa na kubuni ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam akiwa bado mwanafunzi, aliifanya kazi hii mwaka 1993. Wanawake waliruhusiwa kuingia Yale College, moyo wa chuo, mwaka 1969 tu.

Matone ya mvua yalikuwa yakitoboa yale maji. Mpwa wangu aliufuata mstari wa sifuri kwa kidole, taratibu, hadi alipoikuta namba ya kwanza isiyo sifuri. Hakusema kitu. Hiyo ndiyo picha moja ambayo hakumtumia mama yake.

Jioni tulipita mbele ya bweni linaloitwa Grace Hopper College, kwa jina la mtaalamu wa kompyuta na afisa wa jeshi la majini aliyepata udaktari wake hapa mwaka 1934. Hadi 2017 lilikuwa na jina la John Calhoun, makamu wa rais wa Marekani aliyetetea utumwa kwa maneno na kwa sheria. Mwaka 2016, mfanyakazi mmoja mweusi wa ukumbi wa chakula alichukua mpini wa ufagio akavunja kioo cha rangi kilichoonyesha watumwa wakibeba pamba. Alikuwa akifanya kazi chini ya kioo kile. Mwaka uliofuata jina likabadilishwa. Mijadala, barua na maandamano vilikuwepo kabla na baada. Lakini katika safari hii yote ni yeye ninayemwona nikifumba macho: mtu na ufagio.

Siku ya tano: Princeton

Treni tatu. Ya mwisho ni kitreni cha kwenda na kurudi tu kati ya kituo kikubwa na chuo, wenyeji wanakiita Dinky, na safari yake ni kilomita nne na ushee. Hujakaa vizuri umeshafika.

Lango la FitzRandolph ni la mwaka 1905. Mwanafunzi akitoka kwa lango la katikati kabla ya kuhitimu, hatahitimu. Nimesikia haya wapi? Nikafungua daftari langu. Lango hili nalo limejengwa kwa wosia wa Augustus Van Wickle, yuleyule wa Providence. Alikuwa wa ukoo wa Nathaniel FitzRandolph, aliyetoa ardhi ya chuo hiki mwaka 1753. Mtu mmoja aliyefariki 1898, vyuo viwili, malango mawili, mwiko mmoja! Sijui kama mwiko nao ulikuwamo kwenye wosia. Mpwa wangu alidhani ninatania mpaka nilipomwonyesha.

Kwa miaka mingi lango hili lilifungwa isipokuwa kwa sherehe. Wahitimu wa mwaka 1970, wakati wa misukosuko ya vita vya Vietnam, walitaka lifunguliwe kabisa, na tangu hapo halifungwi. Maana yake ni kwamba mwiko una nguvu zaidi sasa. Lango lililofungwa halimjaribu mtu. Tulikaa kwenye ukuta mdogo ng'ambo ya barabara tukawahesabu wanafunzi kwa robo saa: wengi walitumia milango ya pembeni, wawili walipita katikati huku wakitazama simu, na mmoja alisita, akarudi nyuma hatua mbili, akazunguka.

Nyuma ya lango kuna Nassau Hall, jengo la mwaka 1756. Kwa miezi michache ya 1783 bunge la nchi lilikutania humo, kwa hiyo chumba chake kimoja kilikuwa mji mkuu. Ukutani kuna kovu la mzinga wa vita vya Princeton, Januari 1777. Mimea inayotambaa hupogolewa ili lionekane. Zamani wanafunzi wapya walipanda mnarani kuiba ulimi wa kengele ili masomo yasianze. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mmoja alianguka na kuumia, ulimi ukaondolewa, mchezo ukafa. Hiyo ni mila niliyoona imekufa kwa sababu moja iliyo wazi, na sikuhuzunika.

Jirani na hapo ni nyumba ya rais wa zamani, Maclean House. Mwaka 1766, baada ya rais Samuel Finley kufariki, watu sita aliowamiliki walinadiwa pamoja na mali zake.  Mbele ya nyumba hiyo kuna nyasi nzuri na benchi.

Siku ya sita: njiani

Treni kuelekea kusini siku nzima. Mpwa wangu alilala kuanzia Philadelphia mpaka Washington. Nilinakili maandishi ya mawe kutoka kwenye simu hadi daftarini, na nikamaliza karanga zote.

Siku ya saba: Charlottesville

Hapa usiseme kampasi. Neno ni Grounds, yaani Viwanja, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huitwa hivyo tu, wa mwaka wa kwanza. Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alikianzisha Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1819 na kukichora kwa mkono wake. Nyasi ndefu katikati, nyumba tano za maprofesa kila upande zikigawanywa na vyumba vya wanafunzi, 54 kwa jumla, na kichwani Rotunda, kuba lililofuata Pantheon, hekalu la kale la Roma, kwa nusu ya ukubwa wake. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho bado wanashindania kukaa kwenye vile vyumba. Ni heshima kubwa. Bafu haliko ndani, kwa hiyo asubuhi tulimwona kijana akikatiza varanda kwa kanzu ya kuogea, taulo begani, akiwapita watalii kama mbunge. Kuni zilikuwa zimepangwa mlangoni kwake, kwa kuwa vyumba vina meko.

Oktoba 1895 Rotunda iliungua. Profesa mmoja alijaribu kuukata moto kwa baruti, akauongezea mlango. Wanafunzi walitoa vitabu walivyoweza na sanamu ya marumaru ya Jefferson, wakiiburuta juu ya godoro. Kuna pia chumba namba 13 alimokaa mwandishi Edgar Allan Poe mwaka 1826 kabla madeni hayajamwondoa. Unachungulia kwenye kioo, unaona kitanda, unaondoka.

Tulishuka hadi upande wa mashariki wa Rotunda, na hapo ndipo tulipokaa mpaka jua kushuka.

Ni duara la mawe ya kijivu, kipenyo chake mita 24, karibu sawa na cha Rotunda yenyewe, limefunguka upande mmoja. Lilikamilika 2020. Watu wanaokadiriwa 4,000 walitumikishwa utumwani katika chuo hiki kati ya 1817 na 1865: waliofyatua matofali yale, waliopika, waliofua, waliobeba kuni hadi kwenye vyumba vile vya heshima. Kwa kila mmoja pamechongwa alama ukutani, mkato mfupi, kama jeraha la panga kwenye mti. Juu ya mia kadhaa kati ya hizo kuna jina. Nyingine zina kazi au undugu tu. Mpishi. Mwashi. Mama. Binti. Nyingi mno hazina kitu, ni mkato peke yake.

Mvua ya juzi ilikuwa bado imetulia ndani ya mikato hiyo. Waliobuni walikusudia hivyo.

"Huyu ni 'mjomba'," mpwa wangu akasema, kidole chake kwenye neno moja. Nikasogea. Pale pameandikwa undugu pasipo jina. Mtu alijulikana na fulani kwa kuwa mjomba wa fulani, na huyo fulani naye hayupo.

Upande wa nje wa duara yamechorwa macho mawili makubwa, mepesi kiasi kwamba ukisimama vibaya huyaoni. Ni ya Isabella Gibbons, aliyekuwa mtumwa wa profesa hapa na baada ya uhuru akawa mwalimu. Tulizunguka mara tatu tukitafuta mahali pa kusimama. Mara ya nne mwanga ulikaa vizuri, na alikuwa akitutazama.

Siku ya nane: Hampton

Tulikodi gari tukafuata barabara ya 64 hadi karibu na bahari. Huku hakuna majani yaliyogeuka rangi. Mwaloni tuliokuja kuuona, Emancipation Oak, ni wa aina isiyopukutisha. Oktoba kwake ni kama Aprili. Unasimama katika Chuo Kikuu cha Hampton, na haukupandwa kwa ajili ya chuo. Chuo ndicho kilichoufuata.

Tangu 1831 sheria za Virginia zilizuia mikutano ya kuwafundisha weusi kusoma. Mei 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza, watumwa watatu walikimbilia ngome ya Fort Monroe iliyo jirani, iliyoshikwa na jeshi la Kaskazini, na jenerali wake, Butler, akakataa kuwarudisha. Wengine wakaja kwa mamia, kisha kwa maelfu. Septemba mwaka huohuo Mary Peake, mwanamke mweusi aliyekuwa huru na aliyewahi kufundisha kwa siri, alianza kuwafundisha waziwazi, chini ya mti huu. Mwaka 1863 tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa lilisomwa hapahapa kwa watu waliokusanyika. Mary Peake hakulisikia. Alikuwa amefariki Februari 1862. Chuo kilikuja 1868. Miaka michache baadaye wanafunzi walizunguka nchi wakiimba ili kupata fedha za kujenga Virginia Hall, na mpaka leo husemwa kwamba jengo hilo liliinuliwa kwa nyimbo. Hicho ni kisa nilichokingoja kidanganye. Hakikudanganya.

Matawi yamekwenda mbali kuliko yalivyopanda juu. Mengine yameinama kiasi cha kukaribia nyasi, mazito kama migongo ya ng'ombe. Hapakuwa na mahali palipong'aa. Hapakuwa na foleni wala mtu wa kutembea kinyumenyume. Upepo wa baharini uliingia kwenye majani madogo magumu na kutoa sauti ya mchele unaopepetwa.

"Kivuli kina upana gani, Mjomba?"

"Karibu mita 30, wanasema."

"Kwa Smoot?"

"Smoot hayupo."

Alivua mtandio wake akaukunjua, akanitazama. Hapakuwa na mtu karibu. Nikaweka daftari chini, nikalala chali kwenye nyasi nje ya kivuli, mgongo ukilalamika kama nilivyotabiri, naye akaunyoosha mtandio kutoka kisiginoni hadi utosini, akafunga fundo. Kisha akaanza kutembea sambamba na ukingo wa kivuli, akiinama, akipima, akihesabu kwa sauti. Nilibaki nimelala. Juu yangu kulikuwa na ncha ya tawi moja lililotangulia mengine yote.

"Kumi na saba," akapaza sauti kutoka upande wa pili. Akanyamaza, akapima tena kipande cha mwisho. "Kumi na saba na nusu, Mjomba. Jumlisha au toa sikio moja."